Kipimakina

Byamungu, duka lako la Nyawera lina feni, lina vioo,
lina majaketi ya kuelea yaliyopangwa kama wanafunzi mstarini.
Sikufuata jaketi.
Nimekuja kumchagulia Cirhuza kitu cha kumwambia
yuko wapi wakati mimi simwoni.

Unashika noti zangu moja moja, unaziinua kwenye taa,
unatafuta mpasuko, pembe iliyolika,
hata doa la kalamu kwenye sikio la yule mzee wa dola.
Sikasiriki. Kagua.
Nami nitakagua hivyohivyo.

Hiki cha mshale, unasema, dola sitini,
ndani mafuta, nje mpira, hakiombi betri.
"Mita ni mita, mama."
Hapana, baba. Kilizaliwa kando ya chumvi,
kikafundishwa kwamba sifuri iko usawa wa bahari.
Sisi tuko juu, mita elfu moja mia nne na sitini,
hewa yetu nyepesi, maji yetu hayana chumvi.
Ukikishusha Kivu, mshale unalala kwenye sifuri,
unalala tu,
hata kimo cha mtoto wa miaka kumi na miwili
kimeshapita chini ya maji.

Sisemi ya kusikia. Jumamosi ulituazima vyote viwili,
ukaweka simu yangu rehani.
Nilipima kamba kwa tepu ya Ntakwinja, fundi cherehani,
mita kumi kutoka jiwe hadi fundo, kamba ikiwa imelowa,
maana kamba kavu nayo ni mwongo.
Baba alizamia kwa mafundo miaka kumi na tisa
na kila mwaka kamba ilirefuka kidogo bila kumwambia.
Magoti yake ndiyo yanayojua.
Leo anapanda Kadutu kwa kuuma meno.

Tukavifunga pamoja, tukavishusha gatini,
nyuma ya boti ya Idjwi.
Vilipopanda, ule mshale mwekundu unaobaki nyuma kutunza kumbukumbu
ulikuwa umesimama kwenye nane na ushee.
Kompyuta: tisa nukta tisa.
Karibu mita mbili, Byamungu,
zimepotelea ndani ya kioo cha dola sitini
na hakuna aliyeiba.

Cirhuza akasema, nitajumlisha kichwani.
Kichwa!
Kule chini, vidole vimekufa ganzi,
propela imemeza wavu na wavu hautaki kutoka,
hesabu ndiyo ya kwanza kumwacha mtu.

Basi hii nyeusi, yenye sura ya saa ya bwana harusi.
Nilipoibonyeza ilichora kilima kimoja,
ikafikiri,
ikachora cha pili.
Nikacheka peke yangu pale gatini.
Kitu kimetoka ng'ambo, ndani ya boksi,
na kinajua tunakoishi.

Lakini betri. Si ya saa, si ya rimoti.
Usiniambie "itapatikana," nimezaliwa hapa.
Mia mbili themanini, na betri mbili juu yake, hapa mkononi.
Ile noti ya ishirini uliyoitenga, nirudishie.
Nitaila kwa hasara sokoni.

Kamba sitaitupa.
Kompyuta haimjui mtu akiishika mara tatu kwa haraka,
mimi namjua.

Jumatatu, saa nne asubuhi. Kamba imetulia,
mapovu yanapanda mahali pamoja.
Yuko mita tano. Kile kioo kinamwambia subiri, dakika tatu,
hewa iliyojificha kwenye viungo itoke polepole,
isije ikafumka kama soda iliyotikiswa,
naye, asiyewahi kungoja hata chai ipoe,
anangoja.
Juu huku wapakizi wanagombea gunia la mihogo,
mtoto anauza karanga kwa kifuniko cha chupa.
Mwenye boti anainama, anatazama maji, ananitazama.
"Mbona hapandi? Amekufa?"

Anasoma, nikamjibu.