Dhiraa Arobaini

Dhiraa arobaini za kitambaa chekundu
zilishuka na treni, Dodoma stesheni,
zikapanda punda mpaka Handali,
zikanikuta mimi, Mbeleje, na cherehani ya mguu
inayokula uzi kama mbuzi wa kiangazi.

Nilishona usiku saba.
Matika binti Chiwanga anatawazwa Jumamosi,
mwanamke wa pili katika kiti kimoja,
mwaka wa tatu mvua inapita juu kwa juu
kama mgeni aliyekwisha kula kwingine.

Dada yake, marehemu, alitawala na rozari mkononi.
Waliokwenda kilimani kutambika
walitozwa ng'ombe. Mzee Madeha
alichapwa viboko mbele ya wajukuu zake,
akavaa shati, akawasalimu, akaenda zake.
Basi siku ile watu hawakumtazama Matika uso.
Walimtazama vidole:
atashika nini kwanza?

Askofu hakuja. Alituma barua: kifua kinambana.
Padri mkubwa wa Bihawana akasema hawezi kumbariki
mtu asiyesema yuko upande gani.
Wazee wa kilimani nao wakanuna,
kondoo mweusi hakuwa mweusi wa kutosha.
Akabaki Yoeli, mwalimu wa dini,
kanzu ya kuazima, pasi imepita upande mmoja,
magoti yanagongana kuliko muheme.

Na muheme zililia!
Wanawake, ngoma katikati ya mapaja,
tangu alfajiri, tangu ng'ombe hawajafunguliwa.
Akaja peku juu ya kitambaa changu,
vumbi jekundu likiingia katika wekundu.
Mtoto akamkabidhi Biblia ya Kigogo: akaibusu,
akaikumbatia. Watu wa misheni, vigelegele!
Hatua kumi, kikongwe akamnyoshea jiwe la mvua.
Akalibusu pia.
Shehe kutoka Kondoa akamtolea kahawa,
akainywa mpaka masimbi, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.
Hapo watu wakaanza kuulizana kwa nyusi.

Yoeli akampaka mafuta ya nyonyo,
ya chungu cha babu yake, yamelala miaka.
Paji la uso, kifua, viganja.
Kisha padri kijana, aliyetumwa kuangalia tu,
akawasha mishumaa mchana kweupe
na kuinua kikombe cha divai juu ya vichwa vyetu.

Matika akageuka. Akaingia nyuma ya pazia la ngozi.

Kengele ikalia peke yake.

Wengine husema alikwenda kuongea na mababu.
Wengine, kwamba alipiga magoti kwa Yesu kwa siri.
Wapo walioapa kwamba alilia.
Mimi nilikuwa humo, sindano mdomoni.
Alisema: "Mbeleje, legeza hapa kwapani.
Nipanguse na haya mafuta, yananuka kwato."
Kisha akaweka jicho kwenye upenyo wa ngozi
akatazama nani amepiga magoti,
nani amesimama,
na nani anamtazama aliyepiga magoti.
Midomo yake ilikuwa ikicheza.
Haikuwa sala. Alikuwa akihesabu.

Alipotoka, kofia ya manyoya ya simba kichwani,
hakuna aliyejua cha kusema, wakasema vyote:
Amina, na vigelegele, na salamu za Kigogo,
na mzee mmoja akapiga chafya, ikahesabiwa baraka.

Kabla hajafika kwenye kiti
walikwisha kulirukia zulia langu.
Kwa visu, kwa meno. Usiku saba, mishono yote,
kila mtu na kipande chake cha ufalme.
Mwezi uliofuata nilikiona kimoja mnadani
kimezibwa tako la kaptula ya mtoto.

Mvua? Ilinyesha.
Ilinyesha Chilonwa.

Ushonaji nilidai shilingi kumi na mbili, nikapewa saba
na kuku mwenye jicho moja.
Sikudai zaidi. Mtu aliyekwisha kukuhesabu
hudaiwi naye, wala humdai.
Ninacho lakini kile kitambaa nilichompangusia.
Nimekifua kwa majivu, kwa sabuni, kwa ndimu.
Bado kinanuka.