Mtu Asiye na Kitovu

Sheria, mama, inasema kampuni ni mtu.
Nimelala kifudifudi mkekani, kwetu Maweni,
umeme umekatika, simu inamulika ukurasa wa tisini na moja,
naye anapaka mafuta ya nazi vidole vilivyoliwa na jiki.
"Mtu wa wapi?"
Wa popote wakurugenzi wake wanapoketi.
"Kitovu chake kimezikwa wapi?"
Hana kitovu.
"Akifa je?"
Hufilisiwa.
"Haoshwi?"
Haoshwi, hazikwi, hana matanga.
Akacheka hadi akakohoa.
"Hata koma wana kigango, Kahaso. Huyo wako ana nini?"

Ana mtihani Jumatatu. Saa tatu, maswali manne.
Wakili Mutheu hutufundisha kafumba jicho moja
kama anayelenga ndege kwa manati:
"Kodi hailipwi kwa kilichoingia. Hulipwa kwa kilichobaki."
Basi mwaka mzima nimejifunza kubakisha kidogo:
uchakavu wa mashine ya barafu,
riba ya mkopo ambao mtu amejikopesha mwenyewe,
mrahaba wa jina, nalo jina limeandikishwa kisiwa fulani
sijui hata kama kina duka la unga,
na hasara, ambayo sheria inaruhusu ibebwe
mwaka hadi mwaka, mgongoni,
kama mtoto mkubwa asiyetaka kutembea.

Hoteli anakofua mama ina hasara mwaka wa kumi na mmoja.
Meneja aliwasomea karatasi siku walipodai nyongeza.
"Hasara gani," mama anasema, "na Agosti sikulala?"

Akavuta daftari chini ya kopo la sabuni.
Kurasa za mraba, za hesabu. Penseli.
Jumanne, shuka 64.
Jumatano, shuka 71, taulo sikuhesabu.
Ijumaa 80, na moja ya damu, imekataa kutoka.
Miaka kumi na mmoja ya usingizi wa watu wengine,
na hakuna mkaguzi aliyewahi kulitia sahihi.

Swali la nne, karatasi ya mwaka juzi:
Kampuni A ya Malindi huilipa Kampuni B, kampuni mama,
iliyoko ng'ambo, ada ya usimamizi. Jadili. Alama ishirini na tano.
Jibu nalijua. Bei iwe ya watu baki,
wasiojuana, wasiooneana haya.
Lakini kampuni mama! Mama gani huyu
anayenenepa bintiye akikonda?
Mimi wangu sijamlipa hata ada ya kuniamsha alfajiri.

Nikamwomba nilipige picha daftari, kurasa mbili tu.
Akalitazama. Akanitazama.
"Mshahara wangu hukatwa kabla sijauona," akasema,
"na karo yako hutoka kwenye kilichobaki.
Usinichomee."
Likarudi chini ya kopo.

Umeme umerudi saa saba usiku,
friji ya jirani ikaanza kunguruma ukutani.
Jumatatu nitaandika watu baki, nipate alama zangu.
Ila nikirudia kifungu cha pili, fasili ya mtu,
midomo inajisemea yenyewe:
sitini na nne, sabini na moja,
themanini, na moja imekataa kutoka.