Kigari Kwenye Kioo

Laini ya simu niliinunua Namanga.
Kijana alipiga picha pasipoti yangu, akachukua alama ya kidole,
akasema, "Haya mama, sasa uko hewani."
Sakina nikateremka na begi moja
na kikaratasi: Fundi Gathirwa, Unga Limited,
nyuma ya mashine ya kusaga.

Programu ikauliza: Unakwenda wapi?
Nikaandika "mashine ya kusaga".
Ikaniletea mashine kumi na moja.
Nikachagua ya nne, iliyokuwa na picha ya mlango wa bluu,
maana baba, katika yale machache ninayoyakumbuka,
alipenda bluu.

Elfu saba na mia tano!
Nikafuta upesi, kidole kikinitetemeka:
kwa fedha hiyo, kutoka Nakuru ningefika Mombasa nikarudi,
na chai ninywe njiani.
Muuza karanga alikuwa akiniangalia.
"Hiyo ni shilingi ya hapa, dada. Yenu nzito."
Jina moja, mizani mbili.
Nikaita tena.

Elirehema. Gari dogo jeupe. Nyota nne nukta nane.
Jina lake nililijua kabla ya uso,
kama la baba.

"Shikamoo," akasema.
Kwetu hatuamkiani hivyo. Nikajibu, "Poa."
Akacheka mpaka akapunguza redio.
"Sema marahaba, mama."
Nikasema, na mvi zangu zote
nikazihisi kwa mpigo.

Tulipokwama karibu na soko la Kilombero akaanza:
"Futa hii safari, tumalizane wenyewe.
Kampuni inakata sana."
Alikuwa na haki yake. Gari la bosi,
na hesabu ya jioni haijui foleni.
"Nitakuongezea juu," nikamwambia, "lakini tusifute.
Kuna mtu anatutazama."
Akageuka, akakikagua kiti cha nyuma.

Mdogo wangu Wangeci, jikoni kwake Nakuru,
ameiegemeza simu kwenye mkebe wa majani ya chai.
Nilimtumia safari aione:
kigari cheusi, kidogo kama mende,
kikitambaa katika mji asioujua
kumfuata mtu aliyemwona mara ya mwisho
akiwa bado mgongoni kwa mama.

Mlima Meru ulikuwa umejifunika. Manyunyu.
Ramani ilitufikisha kwenye mtaro, ikatuambia tunyooke.
Elirehema akashusha kioo, akawauliza vijana wa bodaboda.
Gathirwa? Hawamjui.
Fundi saa? Mkikuyu?
"Aa, Babu Dakika! Si ungesema!
Pita kwa muuza mkaa, kata kushoto,
utaona watoto wake wanacheza nje."

Watoto wake.

Elirehema alinitazama kwenye kioo
wala hakuuliza kitu.
Nyota ya tano nilimpa pale pale,
kabla simu haijaniomba.

Umefika, ikasema.
Mlango haukuwa wa bluu. Haukuwa na rangi yoyote.
Mzee alikuwa barazani, lenzi jichoni,
ameinamia saa ya mtu
kama anayemtoa mtoto mwiba.
Sikio lake, lile lililokunjika juu,
nimelichana nywele miaka yote nikilificha.
Hakuinua kichwa. Magari hupita.

"Kusubiri dakika tatu ni bure," Elirehema akasema,
"halafu inaanza kuhesabu."
Akafikiri kidogo.
"Lakini wewe kaa tu."
Akazima injini,
na katika ule ukimya nikasikia, kutoka barazani,
saa nyingi zisizokubaliana.

Simu ikatetemeka mapajani. Wangeci:
Mbona kigari kimesimama?