Jani la Kumi

Nimeutoa leo chini ya kitanda,
katika sanduku la bati lenye bawaba moja iliyokufa:
mfarishi wa kwetu Mangaia, tivaivai,
mwekundu juu ya mweupe, mkubwa kuliko chumba hiki,
unanuka vidonge vya nondo na sabuni ya miaka ile.

Shangazi Ngapoko ndiye aliyeukata.
Alikunja kitambaa mara tatu sakafuni,
hakuchora, hakupima,
mkasi ukatembea huku akilalamikia bei ya nyama ya kopo,
na alipokunjua, matawi manane ya mshelisheli
yakatulalia miguuni, kila moja pacha wa mwenzake.
Tukanyamaza. Hata yeye.

Iliyobaki ilikuwa kazi yangu:
kupiga bandi, kupinda ukingo kwa ncha ya sindano,
kushona jani kwa jani hadi lishike kama limeota.
Nilishona baada ya zamu ya usiku kiwandani,
vidole vikinuka karatasi mbichi,
nikiishonea arusi ya Teremoana
ambayo mwenyewe alikuwa hajaiota.

Matawi sita yamekwisha.
La saba limeishia katikati,
na katikati hapo imesimama sindano.

Niliiacha simu ilipolia kutoka Perth.
Mama, tumeshafunga ndoa. Jumanne.
Mashahidi wawili, dakika kumi na tano.
Nikasema, Hongera.
Nikakunja kitambaa na sindano yake ndani
kama mtu afungaye mlango, ufunguo ukabaki upande wa pili.

Miaka ishirini na miwili.
Sababu hazimkosi anayezitafuta:
macho, mgongo, uzi wa rangi ile hautengenezwi tena,
Shangazi amekufa, nani atanikosoa?
Ukweli ni kwamba nilikuwa nimenuna,
na mnuno, ukiutunza vizuri,
hauliwi na nondo.

Asubuhi hii Tokoroa imeamka na sakitu,
nyasi zinavunjika chini ya viatu vya watoto wa shule.
Nimekaa kando ya hita, miwani juu ya miwani,
nikaing'oa sindano.
Imetoka na nyuzi mbili, imeacha doa la kutu
kama punje ya dengu.
Limau halikulitoa. Chumvi haikulitoa.
Nililisugua hadi nikaona aibu.

Na mishono yangu! Ile ya zamani
huioni mpaka uipapase,
hii ya leo inachechemea, mmoja mrefu, mmoja mfupi,
mmoja umeshika hewa.
Atakayeugeuza mfarishi ataona
mahali mama mmoja alipoondoka
na bibi mwingine akaja kukaa kwenye kiti chake.
Nilitaka kufumua yote, nianze upya, vilingane.
Nikashika mkasi.
Nikauweka chini, nikaenda kuchemsha chai.

Juu ya doa nimeshona jani la ziada,
lisilokuwamo katika mkato wa Shangazi.
Tawi la saba sasa lina majani kumi, wenzake tisa tisa.
Angelibaini kabla hajavua viatu.

La nane nimelimaliza bila kula,
na uzi wa mwisho nimeukata kwa meno,
jambo ambalo nilikatazwa tangu utotoni.

Kwa desturi huu si wa kujifunikia.
Ni wa bibi arusi, wa mtoto anayenyolewa mara ya kwanza,
wa kumsindikiza maiti.
Nimejitupia magotini, na soksi zangu za sufu,
mbele ya televisheni iliyozimwa.
Hauna pamba ndani. Hauzuii baridi hata chembe.
Nimeukalia hivyo hivyo.

Hapa ni saa sita usiku. Perth ni saa mbili,
atakuwa anaosha vyombo, mikono ina povu,
ataacha iite mara nne, kama kawaida yake.

Inaita.
Kidole changu kiko juu ya jani la kumi,
kinatafuta doa, hakilipati.