Wapangaji wa Mkungu

Nilianza na mchicha. Ukakonda,
ukanyoosha shingo kulitafuta jua la Tandika,
ukafa.
Somoe akacheka: "Kivuli nacho kina watu wake."
Akaniletea tangawizi ndani ya kopo la rangi,
na manjano, vidole vitatu vyenye udongo wa kwao Kisarawe.

Mkungu haukuwadai kodi ya miezi sita.
Uliwadondoshea majani mekundu, jani juu ya jani,
wakajifunika kiangazi kizima.

Leo mwenye nyumba kaja na daftari,
anasema majani yanaziba mfereji, mti ukatwe.
Watoto wanapasua kungu kwa jiwe.
Nikampa kokwa moja, nyembamba kama ukucha.
Akatafuna, kimya,
akatazama juu, akatazama chini,
halafu akauliza
tangawizi nauzaje.