Kizimba Nambari Kumi na Saba

Saa kumi alfajiri Dagoretti imeshaamka:
mabuti, mvuke, visu vinanolewa.
Gathecha ananijua kwa ndoo yangu.
"Watoto wako hawajashiba tu?"
Nakinga damu ikiwa bado na joto la shingo,
nakoroga kwa fimbo, nakoroga, nakoroga,
mpaka nyuzi za mgando zijisokote kwenye fimbo,
maana damu iliyoganda hainyweki.
Mkono wangu wa kulia umenenepa kuliko wa kushoto.
Ndiyo kazi. Nina cheti chake.

Kabete, chumba hakina dirisha.
Nyuzi ishirini na tano, hewa imelowa kama kwapa.
Nje Nairobi ya Julai inatetemeka ndani ya makoti,
humu nalea mbung'o,
elfu nne na mia mbili kwa hesabu ya jana.
Namimina damu kwenye sinia, natandika utando,
napanga vizimba juu yake, na wao wanashuka
wakikunja mbawa moja juu ya nyingine
kama mtu anayefunga mkasi kabla ya kuketi.
Kisha kimya. Ukitega sikio
utasikia kimya kikijaa.

Baba alipouliza nafanya nini mjini
nilimwambia: maabara. Akasema: vizuri.
Sikumtajia mbung'o.

Lambwe, mwaka ule, Rateng' alianza kwa machozi.
Maksai wa jembe, kifua kama mlango wa ghala, analia.
Na alikula. Hilo ndilo lililotuchanganya, alikula,
na kila unyasi aliomeza ukawa unakwenda kwa mwingine.
Manyoya yakasimama. Nywele za mkia zikabaki mikononi mwangu.
Wanasema ng'ombe haelemewi na nunduye;
nundu ilimwelemea.
Alipiga magoti katikati ya mfuo, nira ingali shingoni,
mwenzake amesimama
anangoja kuambiwa twende.

Basi nilikuja kazini na chuki yangu
nimeifunga vizuri kama chakula cha mchana.

Hakuna aliyeniambia kwamba ni mama.
Nzi wa jikoni humwaga mayai mia akaenda zake.
Mbung'o hubeba mmoja,
siku tisa, akimnyonyesha humo humo tumboni
maziwa. Ndiyo, maziwa, nimeyaona kwa darubini,
meupe, yametengenezwa kwa damu ya Dagoretti.
Jumanne, kizimba nambari kumi na saba,
mmoja alijifungua mbele yangu:
buu lenye uzito karibu sawa na mzazi
likapenya wavu, likaanguka, likaanza kutafuta udongo
kwenye trei ya plastiki.
Nikalisogezea mchanga kwa kijiti.
Sijui kwa nini.

Akiwa wa kiume tutampiga miale, mbegu zife.
Sanduku lenye barafu litampeleka kwetu,
atawatongoza majike wa Lambwe,
na jike kwa kawaida huolewa mara moja.
Ndivyo ukoo unavyoisha: bila kelele, kwa harusi.
Wakubwa wanaita mafanikio.
Na mimi naita hivyo hivyo, natia sahihi.

Jana jioni nilihesabu, mmoja hayupo.
Milango miwili, mapazia mawili, hana pa kwenda.
Nilimpata, au alinipata,
kwenye ukingo wa sweta yangu ya buluu
(wanapenda buluu, mitego yetu yote ni buluu, nilisahau).
Ni msafi; wa humu hawana ugonjwa. Najua.
Akaniuma, na kuuma kwake hakuna hodi.
Nikamtazama tumbo likiiva kama forsadi,
nikasikia kofi za Baba mgongoni mwa Rateng',
paa, paa, mchana kutwa,
na wao wakirudi.
Nikainua kiganja.

Daftarini, kizimba nambari kumi na saba:
waliokufa, wanane.
Waliozaliwa, thelathini na mmoja.
Waliotoroka,
na hapo kalamu ikakaa.