Sanduku la Kilindini

Sanduku letu la vifaa lilikuwa Kilindini,
mwendo wa nusu saa kwa miguu,
mwezi wa tano likingoja muhuri.
Basi Jumatatu nikaja na mfuko wa sokoni:
vibanio vya nguo, kunde na choroko nilizozichanganya makusudi,
soksi ya mwanangu iliyopotelewa na mwenziwe, nimeitia mchanga,
vifuniko vya soda,
limau moja.

Bi Mwanamvua Shee aliketi, mkono wa kulia pajani
kama mgeni asiyejua atalala wapi.
Miaka thelathini mkono huo umesukuma mahamri kule Kuze.
Kiharusi kilimkuta ungani, mafuta yakiwa motoni.

"Kamua limau," nikamwambia. Limau likamtazama.
"Bana kibanio kwenye ukingo wa ndoo."
Kikaanguka. Kikaanguka tena.
"Mkono wanisikia," akasema, "ila wanidharau."

Jumatano nikaleta unga. Nilijiona mjanja.
Akaubonyeza kwa kidole cha kushoto, akacheka mpaka machozi:
"Huu kaukanda nani, fundi wa saruji?
Iliki i wapi? Tui je?"
Kesho yake akaja na bakuli lake, kitambaa juu,
hamira imekesha ikifanya kazi.
Nikaweka kiganja changu juu ya chake, tukasukuma.
Kiganja kikaijua njia;
vidole vikabaki nyuma
kama watoto wasiotaka kwenda chuoni.

Nikaandika daftarini: bega, kidogo. Kiwiko, ndiyo.
Kidole gumba, bado.
Wiki ya pili: bado.
Ya sita, kwa wino mwingine: bado.

Sanduku likaja Alhamisi,
pamoja na mkuu wa idara na mpiga picha.
Koni za rangi, pete za plastiki, ubao wa vigingi,
na risiti ya ushuru ndefu kunishinda mimi.
Bi Mwanamvua akaokota koni, akaichungulia ndani.
"Hii ni pishi ya kupimia nini?"
Akairudisha.
Akavuta kutoka sakafuni nailoni iliyofungia vitu,
ile yenye malengelenge ya hewa,
akaitandaza juu ya leso yake.
Chai ikapitishwa. Sisi twajipanga,
wafupi mbele, mkuu katikati, tabasamu tayari.

Pa!

Tukageuka sote.
Mkono wake wa kushoto
ulikuwa umeshika kikombe.